Jina Ambalo Baba Hakulisema

Nianze na upumbavu wangu mimi mwenyewe, kwa sababu wengine wakiusimulia watauongezea chumvi. Nilimupa dada yangu jina la uongo. Nilimupa mbele ya koko, mama ya baba yangu. Mbele ya shangazi. Mbele ya katekista wa kanisa letu. Na mbele ya watoto wote wa avenyu yetu pale Majengo, Goma, waliokuwa wametoka kula maharagi yetu mpaka chini ya chungu kukaonekana. Nilisimama, nikafunga mikono nyuma kama gavana, nikasema ni baba aliyeacha jina hilo. Baba hakuacha jina hilo. Baba aliacha lingine, aliniambia mimi peke yangu, na mimi sikulisikia kwa sababu nilikuwa ninachekesha.

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Ni lake, si langu, na siku atakapojua kusoma ataamua mwenyewe kama anataka mulijue. Niwaambie tu kwamba ni jina la Wajerumani wa zamani, wale wa zamani sana, waliovaa ngozi na kupigana kwa mashoka. Linaanza kama mutu anayesafisha koo na linaisha kama sufuria iliyoanguka kwenye sakafu ya sima. Majengo nzima hakuna mwingine mwenye nalo. Nafikiri hata Ujerumani wenyewe wameshalichoka.

Kwetu jina si jambo la kuchezea, na ili muelewe inabidi nirudi nyuma kidogo, kwenye volkano.

Nilikuwa bado shule ya musingi wakati mulima ulipasuka. Moto ulishuka, ukala nyumba za watu upande wa juu, ukasimama kabla ya kufika kwetu, na sisi watoto tukaenda kuuangalia kama vile tumepelekewa sinema. Lakini siku zilizofuata ardhi haikutulia. Sahani zilikuwa zinacheza zenyewe kwenye kabati. Halafu wakubwa wakatangaza watu waondoke, kwa sababu moto ungeweza kutokea hata chini ya miguu yetu. Baba alikuwa na kamyo. Alitupakia sisi, majirani, magodoro, kuku wa shangazi, tukaenda Sake. Mama alikuwa na mimba kubwa. Alizaa mule mule, ndani ya darasa la shule, nyuma ya bashi, turubai lililofungwa kwenye madirisha, huku upande wa pili watu wakigombania nafasi ya kulala.

Mutoto alikuwa kijana, mwanaume. Aliishi siku tatu.

Kwetu sisi watu wa Rutshuru mutoto anapewa jina siku ya nane. Yeye hakufika. Baba alipata mbao mbili za sanduku, akatengeneza musalaba mudogo, akaomba rangi nyeusi kwa watu wa kanisa. Alichovya burashi, akainama, halafu akabaki ameinama hivyo hivyo, burashi mukononi. Hakuwa na kitu cha kuandika. Rangi ikaanza kudondoka juu ya kiatu chake. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nilitafuta neno la kumuchekesha, maana ndiyo kazi yangu tangu nijue kusema, na siku hiyo kwa mara ya kwanza sikulipata. Akarudisha burashi kwenye kopo. Musalaba ukabaki mweupe.

Basi mama aliposhika mimba tena, tukiwa tumesharudi Goma, alitoa sheria: mutu asimuletee habari ya jina ndani ya nyumba. Wala nguo, wala kofia. Koko akamuunga mukono, na si kawaida ya wale wawili kukubaliana hata juu ya chumvi. Koko alisema jina likimutangulia mutoto, kifo kinajua nani wa kuita. Tukanyamaza wote. Tumbo la mama likakua pale katikati yetu kama mugeni ambaye hakuna anayethubutu kumuuliza anaitwa nani.

Lakini baba ile burashi haikumutoka kichwani. Nilikuja kuelewa hivyo baadaye. Alitaka safari hii jina liwe tayari, lingoje, hata kama mutoto ataishi saa moja. Na kwa kuwa hakuweza kumuambia mama wala koko, aliniambia mimi.

Ilikuwa asubuhi. Baba alikuwa anaendesha kamyo ya kabichi, anapanda Kibumba na kuteremuka na muzigo, mara nyingine anaendelea mbele mpaka Rutshuru. Alikuwa anagonga magurudumu kwa muguu, mashini ikinguruma tayari, na konvuayeri wake, yule anayepanda juu ya muzigo, alikuwa anakaza kamba. Mimi nilikuwa nimechukua karatasi za gari kwenye dirisha. Nilikuwa ninamuigiza polisi wa barabarani, yule mwenye tumbo, anayesoma karatasi zikiwa kichwa chini na kuuliza iko wapi kitu ambacho hakuna gari lolote la Goma linacho.

Baba akaniita. "Mukubwa, kuya hapa." Akaniambia kwamba akikawia njiani na mama akazaa, siku ya nane mimi ndiye nitasimama mahali pake. Ikiwa ni kijana, apewe jina la baba yake yeye, koko yetu mwanaume. Hilo nililisikia vizuri. Ikiwa ni musichana, akasema, na hapo mimi nikajaza mashavu hewa, nikatoa tumbo mbele, nikamuuliza kwa sauti ya yule polisi kama mutoto huyo atakuwa na karatasi za kuingilia muji. Konvuayeri akacheka kule juu. Baba naye akacheka. Alilisema lile jina huku anacheka, na mashini ilikuwa inanguruma, na mimi nilikuwa bado ninajisikiliza mimi mwenyewe.

"Umesikia?"

"Nimesikia, shefu." Nikapiga saluti.

Alichukua karatasi zake, akanigonga nazo kichwani, akapanda, akaenda.

Siku ile ile barabara ya Rutshuru ikakatika. Muchana tukaanza kuona watu wanashuka na magodoro kichwani, na mbuzi, na wazee ndani ya viti vya plastiki vilivyofungwa juu ya pikipiki. Waasi walikuwa wamefika Kibumba. Mama alisimama kando ya barabara mpaka jua likaisha, anatazama kila kamyo. Zilishuka nyingi. Kwenye telefone ya baba, kila tukipiga, alitujibu yule mwanamuke asiyechoka, kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, kwamba mutu wetu hapatikani. Madereva wenzake walikuja kutupa habari. Mumoja alisema aliona kamyo imesimama, milango wazi. Mwingine alisema lazima baba alikatisha mashamba akaenda upande wa Uganda. Wa tatu alikuja, akakaa, akanywa chai, akaaga bila kusema kitu. Huyo ndiye aliyemutoa mama machozi.

Mimi, nitasema ukweli, kwanza sikuogopa juu ya jina. Nilijua baba atarudi, na hata asiporudi mapema, mutoto atakuwa kijana. Niliomba Mungu awe kijana. Watu walinisikia ninaomba wakafikiri ninatafuta mutu wa kucheza naye mupira. Tena nilijivuna. Nilimuambia koko kwamba baba aliniachia neno, kwamba siku ya nane mimi ndiye mwenye nyumba. Koko alinitazama kwa jicho lake moja zuri, akasema tutaona.

Wiki tatu zikapita, mama akazaa musichana.

Tangu hapo nilimupigia baba mara nyingi kuliko mama mwenyewe. Mama alidhani ni mapendo. Nusu ilikuwa mapendo.

Siku ya nane kwetu inafanywa hivi: wanaitwa watoto wa jirani, wanapewa vijembe na vijiti, wanatoka nje kulima kwa ajili ya mutoto muchanga, ili ajue amekuja kwa watu wa kazi. Kule kijijini wanalima udongo. Parseli yetu ya Majengo, kiwanja chote, ni jiwe la volkano tupu, hata kisamvu tunakipanda ndani ya madumu. Basi watoto wakalima jiwe. Walikuwa wanakwaruza, cheche zinaruka, mumoja akavunja mupini akaanza kulia. Halafu shangazi akachovya majani ndani ya maji, akawanyunyizia, akapiga kelele kwamba mvua imekuja, na wote wakakimbilia ndani kula maharagi kwenye ungo. Wakishashiba, kila mutoto anamupa muchanga jina. Ni muchezo, hakuna anayeyashika majina hayo. Safari hii walimuita Penalti, Bisikuti, Amani, Vakansi. Mukubwa wa nyumba anacheka, anawashukuru, ndipo anasema jina la kweli.

Koko akanigeukia. Aliniuliza mbele ya wote kama lile neno la baba ninalo.

Ningeweza kusema sina. Kila mara ninajiuliza kwa nini sikusema hivyo, na kila mara jibu ni moja. Mama aliinua kichwa. Tangu baba aondoke alikuwa anatazama chini, au mutoto, au barabara. Sasa alinitazama mimi, na uso wake ulikuwa kama wa mutu aliyesikia hatua nje ya mulango. Nikafungua kinywa. Jina la kijana lilikuwapo, limekaa mbele kabisa, halina kazi. La musichana palikuwa patupu, ni baba tu anacheka na mashini inanguruma.

Na nje, wakati ule ule, ikapita chukudu ya jirani.

Hapa lazima nieleze. Mwalimu wetu wa historia ni mutu anayependa wafalme. Kuna siku alituandikia ubaoni majina ya wake na mabinti wa wafalme wa Wajerumani wa zamani, kwa mwandiko muzuri kabisa, na darasa zima likafa kwa kicheko. Lile refu kuliko yote tukatoka nalo. Jirani yetu mumoja, muzee mwenye mapaja kama ya farasi, anabeba makala ya kupikia kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, inayolia kila gurudumu likizunguka, unaisikia toka mwisho wa avenyu. Tukaibatiza chukudu ile jina hilo. Ikipita tunaisimamia pembeni, tunavua kofia, tunaisalimia kwa jina lake lote, na muzee anadhani tunamuheshimu yeye.

Ikapita, ikalia, na mimi nikasema lile jina.

Koko akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaomba tena. Mara ya tatu akasema yeye amezika watu na amepokea watoto tangu wakati wa Wabeleji, na hiyo si jina, hiyo ni mafua. Shangazi akasema linafanana na dawa ya minyoo, ile ya kunywa kabla ya kula. Ila katekista alifurahi. Alisema ni jina la utakatifu, akaenda kwake, akarudi na kitabu, akamuonyesha mama: pale chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo, kweli kulikuwa na mutakatifu wa jina hilo. Nilishangaa kuliko wote. Nilikuwa nimedanganya, na mbinguni wakanifunika.

Mama hakusema ni zuri wala baya. Alilitamka mara moja, polepole, kama anayeonja mboga. Kisha akaliambia sikio la mutoto.

Kuanzia hapo kila mutu akawa na maoni. Wanawake wa robine, pale tunapochota maji, walisema mutoto wa jina kama hilo ama atakuwa sista, ama atakuwa munene. Muuguzi wa chanjo aliandika nusu kwenye fishi, ile kadi ya mutoto, akachoka, akamupa mama kalamu amalizie. Muuza mandazi alisema jina la mutoto liwe fupi, maana ukimuita wakati wa kukimbia risasi haingoji umalize. Huyo nilimuona ana akili. Koko alikata sehemu ya mwisho akawa anamuita kwa kipande hicho tu, kile cha sufuria, na kila akimuita aliniangalia mimi. Alitaka jina la kwao, jina linalosema kitu. Alimuambia mama kwamba mutu ni jina lake, na kwamba mwanawe hawezi kuwa alichagua kitu hicho akiwa na akili timamu.

Mama alimujibu kwa upole ule unaofunga mulango: "Ni baba yake amesema. Yeye anajua sababu."

Na kwa kuwa yeye hakuijua sababu, akaanza kuitafuta. Kwanza alisema labda ni jina la sista aliyemufundisha baba kusoma kule misioni, alipokuwa mudogo. Baba aliwahi kusoma misioni, hiyo ni kweli. Wiki iliyofuata hakusema tena labda. Mwezi wa pili yule sista alikuwa na miwani. Mwezi wa tatu alikuwa na pikipiki ndogo nyeusi, na alimubeba baba nyuma kumupeleka kwa muganga siku alipoumwa na malaria, na baba aliapa akipata binti atamukumbuka. Mama aliwasimulia wageni hivyo, mutoto mapajani, na sauti yake ilikuwa na kitu kama furaha. Alikuwa amepata habari moja ya mume wake ambayo hakuwa anaijua. Mimi nilikuwa ninatoka nje. Nilikaa juu ya jiwe letu nikahesabu kuku.

Shuleni ilikuwa mbaya zaidi. Rafiki zangu, tuliobatiza chukudu pamoja, waligaragara chini. Sikuwalaumu, hata mimi ningegaragara. Mumoja, anayekaa nyuma yangu darasani, akaniuliza mbele ya wasichana: "Sha, dada yako anabeba magunia mangapi?" Ni muzaha muzuri. Kama si dada yangu ningeuiba. Nikamupiga ngumi ya pua, damu ikaingia hata kwenye shati langu. Prefe, mukubwa wa shule, alinifukuza siku mbili. Aliniuliza ni nini kimenipata, mimi ambaye siku zote ninaadhibiwa kwa kucheka, sijawahi kuadhibiwa kwa kupiga. Sikuweza kumueleza. Ningeanzia wapi.

Niliporudi nilimufuata mwalimu wa historia, nikamuuliza kama wale watu wa zamani majina yao yalikuwa na maana. Alifurahi sana, maskini, hakuna aliyewahi kumuuliza kitu baada ya kengele. Akaniambia ndiyo, majina yao yalikuwa ya vipande viwili, na kila kipande kina maana yake. Lile refu? Akalifikiria. Kipande cha kwanza, akasema, ni vita. Na cha pili?

"Cha pili pia ni vita," akasema. "Vita mara mbili. Nani anaitwa hivyo?"

Nikasema hakuna.

Sikumuambia mutu. Koko angekufa. Tangu wakati ule waasi wameshaingia Goma kwenyewe, na siku walipoingia tulishinda muchana kutwa chini ya kitanda, mama, koko, mimi, na dada yangu katikati, ameshakuwa mutoto wa kutembea. Katindo, kwenye kambi ya askari, kulikuwa kunalia kama mabati yanang'olewa. Mama alikuwa anamuita jina lake lote, polepole, mara nyingi, ili asikie sauti ya mama badala ya ile nyingine. Kila alipolitamka mimi nilikuwa ninasikia vita, vita. Nilitaka kuziba masikio na sikujua ni kwa sababu ya kelele ipi.

Lakini wakati huo mama alikuwa ameshajua uongo wangu. Nilimuambia mama wakati dada yangu ana miezi mitano, na aliyenisukuma ni yule konvuayeri.

Alitokea muchana, tulikuwa tumeshamuhesabu naye pia kati ya waliopotea. Alikuwa amezunguka kwa Uganda, akashuka na Rwanda, akaingilia mupakani, amevaa koti la mutu mwingine. Alikaa na mama sebuleni. Alisema waliambiwa wateremuke wote, wakateremuka, risasi zikaanza, kila mutu akakimbia ndani ya mashamba ya kabichi. "Ukungu wa Kibumba unaujua, mama," alisema. Alimuona baba mugongo, akamuona tena, halafu hakumuona. Aliita. Hakuitikiwa. Ni hayo tu aliyokuwa nayo, na aliyatoa huku anazungusha kikombe. Mama akamuonyesha mutoto. Akamuambia jina. Yule kijana akatingisha kichwa kwa heshima. Sikuona kama linamushangaza au hapana.

Nilimusindikiza mpaka barabarani. Nilimuuliza kama asubuhi ile, kule njiani, baba alimuambia jina la musichana. Alisimama akafikiri kwa uaminifu. Akasema njiani alimuuliza, ndiyo, kwa kuchokoza, na baba akakataa kumuambia.

"Alisema jina iko kwa kijana yake mukubwa. Akasema, yule hata akicheka, yuko anasikia."

Akaniuliza kwa nini, kuna nini. Nikamuambia hakuna, nilitaka kujua tu. Akaenda.

Nilirudi nyumbani kwa muguu mupole sana. Ubatizo ulikuwa Jumapili, jina lilikuwa limeshaandikwa kwenye daftari la katekista, na shangazi alikuwa ameshaleta kitambaa cheupe. Nilijua likipita pale juu ya kichwa cha mutoto pamoja na maji, mimi sitasema tena maisha yangu yote. Nilimukuta mama nyuma ya nyumba, anamuogesha mutoto ndani ya beseni, kwenye jua. Nikapiga magoti upande wa pili. Nikasema yote, toka polisi mwenye tumbo mpaka chukudu, bila kupumzika na bila muzaha hata mumoja. Nilimuambia hakuna sista. Sikumuambia ile ya vita mara mbili. Hiyo nimebaki nayo.

Mukono wa mama ulisimama ndani ya maji. Mutoto akawa anaupigapiga, anacheka na povu. Nilingoja kofi. Nililitamani. Mama aliniuliza jina la kijana lilikuwa gani. Nikamuambia. Akaitika kwa kichwa, kama kwamba hilo angelijua bila kuambiwa. Kisha akaniuliza kama sikumbuki hata mwanzo wake, hata sauti moja. Nikasema nimetafuta, mama, nimetafuta kila siku, ninaona mudomo tu.

"Alikuwa anacheka?"

"Ndiyo, mama. Alikuwa anacheka sana."

Nyuma ya ukuta koko alikuwa anakohoa. Mama alivuta kamasi, akafuta uso kwa mukono wa juu, ule usio na sabuni, akamushika mutoto kwapani akamuinua kidogo kutoka kwenye maji, akamutazama kama vile ni mimi niliyemuleta siku hiyo kutoka mahali fulani. Halafu akasema, neno kwa neno:

"Basi jina yake ndiyo ile. Nimeshamuita nayo, naye ameshaitika, siwezi kumurudisha tena kuwa mutoto asiye na jina. Baba yako akirudi, ni wewe utamuambia. Mimi sitakusaidia hata neno moja. Sasa shika kichwa yake vizuri, sabuni inamuingia macho."